Bidoni Tupu ya Zuwena

Zuwena mama Karimu hakuanza kutembea jioni juu ya kupenda. Mutu asikudanganye. Kutembea bila sababu ni ya wale wa Bujumbura wenye viatu vya kung'aa, wanashuka Rumonge Jumamosi, wanakimbia pembeni ya ziwa hatua mia mbili, wanapiga picha meno yao, halafu wanakaa kula samaki. Zuwena iko na miaka hamsini na nane. Miguu yake ilikuwa ya kumufikisha sokoni na kumurudisha nyumbani, basi.

Na usifikiri ni mutu wa uvivu. Babu yake alikuja na cherehani kutoka Kongo wakati wa Wabelgiji, akashonea wakubwa makoti, na katika ukoo ule hakuna aliyezaliwa na usingizi wa mchana. Zuwena alisoma miaka mitatu, akatolewa, akapewa bidoni ya kubebea mawese. Alikuwa anaenda Kigwena kwa miguu, kule kwenye mashini za kukamua mawese, anarudi na lita ishirini kichwani na Karimu mugongoni, wakati Feruzi mume wake, Mungu amurehemu, amekaa anashona nyavu za wengine na kubishana habari za mupira. Miaka mingi hivyo. Halafu biashara ikakua, mawese ikaanza kuja yenyewe juu ya pikipiki, na Zuwena akakaa. Alikaa benchi moja sokoni miaka kumi na nane. Chai ya vijiko vitano, mandazi ya jirani, ananenepa, na watu wanafurahi: "Mama Karimu, unang'aa! Mawese imekukubali!" Wajinga. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kung'aa kule ulikuwa ugonjwa.

Ilijulikana siku alikanyaga kaa la moto jikoni. Hakusikia kitu. Alisimama pale anakoroga sombe ya majani ya muhogo, akanusa nyama inaungua, akasema ni nani huyo anachoma nyama na Iddi bado? Kumbe ni muguu wake.

Kidonda kilikaa miezi miwili ndiyo kikafunga. Aliyekuwa anamusafisha kule santere ya afya ni Sabine, musichana mufupi wa koti nyeupe. Si dokta, lakini hapa kwetu kila mwenye koti nyeupe ni dokta. Sabine hana mudomo wa kubembeleza, na ndiyo maana Zuwena alimusikiliza.

"Mama, hiki kimepona. Kingine hakitapona, kama sukari yako inabaki juu hivi."

"Vidonge si ninameza?"

"Vidonge peke yake haitoshi. Unakaa sana. Utembee saa nzima kila siku, mwendo wa kutoa jasho. Si ule wa kusimama kwa kila mutu na kuuliza habari za watoto."

"Na jua hii, mwanangu? Unataka kuniua?"

"Mchana usijaribu, utaanguka barabarani. Toka saa kumi na moja, rudi magharibi. Vaa viatu vya kufunika vidole, kunywa maji mbele ya kutoka. Randevu yetu ya kurudi hapa ni baada ya wiki sita."

"Na ikikataa kushuka?"

Sabine alifunga karatasi zake. "Mama, habari ya dada yako ulinieleza wewe mwenyewe."

Dada yake Yasmini alianza na kidonda cha ukucha. Akakatwa kidole, akakatwa muguu chini ya goti, akakatwa tena juu ya goti, na mwisho akarudishwa Rumonge nyuma ya kamioneti, amefunikwa kitenge. Zuwena ndiye alimuosha. Alimuosha muguu mumoja. Toka siku ile hajawahi kukubali mutu amuambie sukari ni ugonjwa wa wenye kula vizuri. Ukisema hivyo mbele yake, utaondoka na jina lingine.

Basi akarudi nyumbani, akamuambia Karimu. Karimu ni mutoto wake wa kwanza, miaka thelathini na tano, iko na kibanda cha kuuza simu pembeni ya soko, shati imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mukate. Anaishi na mama yake kwenye uwanja mumoja, yeye na muke wake nyumba ya mbele, Zuwena nyumba ya nyuma. Karimu alisikiliza yote, halafu badala ya kusema pole mama, akaangalia mulango kama kuna mutu.

"Mama, kutembea tembea. Lakini usiseme kwa watu kwamba uko na sukari."

"Kwa nini?"

"Watasema ni ya familia. Watasema na mimi niko nayo. Na mawese yako, nani atanunua mukononi mwa mugonjwa?"

Zuwena akakubali. Hapo alifanya ujinga, na ni vizuri isemwe, sababu yote iliyofuata ilitoka kwenye kukubali kule. Mwanamuke amezaa, amezika, amebeba nusu ya mawese ya Kigwena juu ya kichwa, anakuja kuogopa mudomo wa sokoni juu ya shati ya Karimu!

Siku ya kwanza alitoka saa kumi na moja. Ilikuwa Septemba, mvua imegoma, mabati yanalia juu ya nyumba, na ziwa imelala kama chai iliyosahauliwa. Ile njia ya chini, ya zamani, maji ilikwisha kuimeza mwaka ziwa ilipopanda na kubomoa nyumba za watu. Sasa kilichobaki ni kupita katikati ya uwanja wa kuanikia ndagala, wale samaki wadogo, halafu mbele ya milango ya watu, mpaka kule mingazi, miti ya mawese, inaanza. Saa ile ndagala imekwisha kuanuliwa, harufu tu ndiyo inabaki. Na joto ile inafukuza kila mutu ndani. Kartie nzima, mutaa wote, iko nje, kwenye mikeka, kwenye viti, kwenye ngazi za nyumba, wanapunga vifuniko vya sufuria, hawana kazi ila kuangalia nani anapita.

Zuwena akapita. Mwili ule wote, raba nyeupe za Karimu miguuni, kitenge kimekazwa, mikono mitupu, mwendo wa haraka.

"Mama Karimu! Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbilia wapi?"

"Siendi mahali."

"Mwizi amekuibia?"

"Oya, hapana!"

"Mbona mikono mitupu hivyo, mama wee, kuna nini?"

Hapa kwetu mwanamuke hapiti mikono mitupu. Mwanaume anaweza kuzurura kutoka asubuhi mpaka asubuhi, mikono nyuma kama gavana, hakuna wa kumuuliza. Mwanamuke lazima awe na kitu: beseni, kuni, mutoto, jembe. Ukimuona anapita mbio na hana kitu, ujue nyumba imeungua ao mutu amekata roho. Siku ile Zuwena alisimamishwa mara kumi na nne. Jasho ilikaukia kwenye shingo yake. Saa nzima alitembea labda dakika kumi.

Kesho yake asubuhi jirani yake Marcelina akafika na sufuria ya maharagwe. Marcelina amerudi kutoka Tanzania, alikulia kule kambini, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni.

"Pole sana jirani. Nimeambiwa umepata msiba."

"Musiba gani?"

"Si wanasema umeonekana jana unakimbia huku unalia?"

"Ile ilikuwa jasho!"

"Jasho?"

"Jasho ya siporo, Marcelina! Nafanya siporo!"

Marcelina alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Siporo? Kwa uzito huo?" Halafu akaona uso wa Zuwena, akaweka sufuria chini. "Haya. Tutayala hivyo hivyo, si maharagwe tu."

Zuwena alikula maharagwe ya kilio chake mwenyewe kwa hasira, akawaza. Na ndipo akapata ile akili ya bidoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa bidoni ya manjano, ya lita ishirini, haina kitu. Jioni akaifunga kifuniko, akaweka ngata kichwani, akaweka bidoni juu ya ngata, akatoka.

Hakuna aliyemuuliza.

Alipita mbele ya milango ile ile, watu wale wale, wanapunga vifuniko vile vile. "Mwiriwe, Mama Karimu." "Mwiriwe." Basi! Mwanamuke na bidoni yake, anaenda kazini, mupishe apite. Zuwena alifika kwenye mingazi ya kwanza, akageuka, akarudi, jasho inamutiririka mugongoni mpaka kwenye kiuno, na hakuna mutu hata mumoja aliyemuzuia. Alikasirika na kufurahi pamoja. Kumbe miaka yote hii watu walikuwa wanaheshimu plastiki.

Wiki tatu zilikwenda hivyo. Mwanzo alikuwa anapumua kama mivukuto ya muhunzi. Paja zilimuunguza, akapaka mawese. Siku ya nane akapanda kile kilima kidogo nyuma ya uwanja wa ndagala bila kusimama. Siku ya kumi na sita, akiwa amekaa kuosha miguu, alisikia maji ni baridi. Alisikia kwa kidole kikubwa, kile kilichoungua. Akarudisha muguu kwenye beseni, akautoa, akaurudisha. Hakumuambia mutu. Nani wa kuambia?

Sasa, wakati ule ule esansi ya magari ilikuwa imepotea inchini. Wewe mwenyewe unajua. Kwenye stasio magari ilikuwa inalala foleni siku na siku, madereva wanapika ugali chini ya magari yao, na watu wa pikipiki wanasukuma pikipiki kama mutu anasukuma ng'ombe mugonjwa. Esansi kidogo iliyokuwepo, watu walisema, inapita kwenye maji kwa magendo, jioni, ndani ya bidoni za manjano.

Mutu wa kwanza alikuwa Tahiri. Tahiri iko na pikipiki nyekundu, anabeba watu mpaka Bugarama wakati esansi iko. Alimungojea Zuwena mahali uwanja wa ndagala unaisha.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, sisimami."

Akaanza kutembea pembeni yake. "Mama, nifikirie na mimi. Lita mbili tu."

"Mawese kanunue sokoni."

"Si mawese, mama. Esansi."

Zuwena alisimama, hata kama Sabine alikataza. "Esansi gani?"

Tahiri akatabasamu, akafunga jicho moja. "Sawa, mama. Sijasema kitu. Ukimya wako ndiyo tunaupenda."

"Wewe Tahiri umelewa? Niondokee!"

"Hakuna shida, mama. Ntakibazo."

Kesho yake walikuwa wawili. Mwisho wa wiki walikuwa sita. Ebu ona ile aibu: mwanamuke mukubwa mbele, bidoni kichwani, anakaza mwendo, jua linamuchoma shavu, na nyuma yake wanaume sita wanasukuma pikipiki kavu, kimya kimya, kama wanasindikiza maiti. Akikaza, wanakaza. Akipunguza, wanapunguza. Akigeuka kuwatukana, wanainamisha vichwa kwa heshima. Watoto wakaanza kuimba nyuma yao. Zuwena aliwatukana kwa Kiswahili, akawatukana kwa Kirundi, na walivyozidi kutukanwa walizidi kuamini. Walisema, mutu ambaye hana kitu hawezi kuwa mukali hivyo.

Jioni akamuambia Karimu: "Wakukute kule sokoni, wambie. Sema mama anatembea tu."

"Ndiyo, mama."

"Umesema?"

"Nitasema."

Lakini Zuwena akiwa sokoni aliona kitu. Karimu amepata kiti. Watu wa pikipiki, ambao zamani walikuwa wanapita mbele ya kibanda chake kama pembeni ya jiwe, sasa wanamusalimia kwa mikono miwili. Wanamuletea soda. Wanamuita patro, mukubwa wao. Karimu anainua kidevu, anaongea kidogo kidogo. Zuwena aliona, akafikiri biashara ya simu inaendelea vizuri. Mama ni mama. Anaona moshi nyumbani kwake, anasema labda ni wingu.

Ilipofika wiki ya tano, Jumatano, akakuta Nestori katikati ya uwanja wa ndagala. Nestori ni shefu wa kartie. Alikuwa amekuja na kiti chake cha plastiki, amekiweka kwenye njia, amekaa, watu wawili nyuma yake. Na kwa sababu joto ilikuwa imetoa kila mutu nje, kila mutu alikuwa pale, na wale sita na pikipiki zao, na Marcelina, na Karimu amekimbia kutoka sokoni na shati yake.

"Mwiriwe, Mama Karimu," Nestori akasema.

"Mwiriwe, shefu. Ondoa kiti, jasho yangu inapoa."

"Tua bidoni kwanza."

"Kwa nini nitue?"

"Tua, mama."

Akatua. Nestori akafungua kifuniko, akaingiza pua, akainusa kama mwanamuke ananusa maziwa. Akaigeuza juu chini. Haikutoka hata tone. Akaitikisa pembeni ya sikio lake.

"Iko tupu."

"Kuna mutu alikuambia imejaa?"

"Basi umekwisha kuuza."

"Kwa nani? Taja mutu mumoja."

Nestori alikuna kichwa. "Mama Karimu, usinifanye mutoto. Kila jioni unapita na bidoni. Kama iko tupu ukienda, na iko tupu ukirudi, unaibeba ya nini?"

Ile ndiyo swali yenyewe, na Rumonge nzima ilikuwa inataka jibu. Zuwena alisikia jasho inamushuka kwenye kope. Akamuangalia mutoto wake.

"Karimu. Wambie."

Karimu akaangalia simu yake. Simu ilikuwa imezimwa, kioo cheusi. Akaiangalia tu.

"Karimu, nakuambia sema!"

"Mimi… mambo ya mama, mimi sijui vizuri."

"Hujui?" Ilikuwa Tahiri. Aliachilia pikipiki yake ikaanguka kwenye muchanga. "Hujui nini wewe? Si wewe ulituambia tumufuate tu, tusimusumbue, kwamba chombo ya esansi itafika Alhamisi? Si jana umekaa kwenye kiti yangu, unakunywa soda yangu, unaitwa patro?"

Mutu mumoja akacheka, akaacha. Zuwena aliona tu ile shati. Yeye ndiye aliipiga pasi asubuhi ile, sababu muke wa Karimu alikuwa na mutoto mwenye homa.

Akainama. Akavua raba, ya kushoto, akainua muguu mbele ya shefu, mbele ya watu wote, akauweka juu ya goti la Nestori.

"Angalia. Hili ni kovu la moto. Niliungua na sikusikia. Niko na sukari! Sukari ya damu, ile ilimukata Yasmini kipande kipande, na nyinyi wote mulikuja kumuzika. Dokta amesema nitembee ao wanikate, basi ninatembea. Bidoni niliibeba sababu yenu nyinyi! Mwanamuke akipita mikono mitupu, munamuletea maharagwe ya kilio!"

"Ni mimi huyo," Marcelina akasema polepole.

"Wewe nyamaza! Na nyinyi sita, mumenifuata siku kumi, muna miguu mizima, na bado munalia hakuna usafiri. Na wewe shefu, ungeikuta esansi ungeimwaga? Pikipiki yako imesimama nyumbani, kuku zimetagia juu ya kiti!"

Hapo watu walicheka kweli. Nestori akauondoa muguu kwenye goti lake, kwa adabu, kama anatua yai.

"Basi, mama. Yamekwisha. Pole kwa ugonjwa. Lakini bidoni isionekane tena hapa jioni. Ni amri."

"Bakia nayo. Uiweke kichwani utembee, hiyo tumbo yako inahitaji."

Akavaa raba. Jua lilikuwa bado na nusu saa. Akapita pembeni ya kiti, akaenda, mikono mitupu, inaning'inia pembeni, hajui hata aiweke wapi. Wale sita walibaki wanaangaliana. Hakuna aliyemufuata.

Usiseme mama alirudi akamusamehe mutoto. Karimu alingojea kwenye mulango wa nyumba ya nyuma, amekaa chini, shati imechafuka.

"Mama, nisamehe. Walikuwa wananiheshimu."

"Walikuwa wanakuheshimu juu ya magendo."

"Nilikuwa nataka kuwaambia. Kila siku nilikuwa nasema kesho. Mama, sukari ni aibu. Mutu akisikia, anaanza kukuhesabia siku."

"Ulitaka mama wa magendo kuliko mama mugonjwa."

"Hapana, mama."

"Ungeniona nimefungwa, ungekuja kunitembelea na hiyo shati. Lakini kusema maneno matatu, mama anafanya siporo, ulimi umekufa. Sogea, nipite."

Toka siku ile hakula naye. Alimusalimia muke wake, aliwabeba watoto wake, lakini Karimu akiingia, Zuwena anatoka. Shati Karimu alijipigia pasi mwenyewe, na sokoni watu waliona makunyanzi yake.

Wiki ya sita akaenda santere. Sabine akamutoboa kidole, akangojea, akaangalia kile kimashini chake.

"Imeshuka, mama. Haijafika mahali tunataka, lakini imeshuka sana." Akachukua kitu cha ncha, akamugusa kwenye muguu. "Unasikia?"

"Nasikia. Usinichome."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo."

"Habari ya kukata muguu huu hatutaiongelea kwa sasa. Endelea hivyo."

"Mpaka lini?"

"Namna gani mpaka lini? Siku zote, mama."

Zuwena alimuangalia kama mutu amemuibia. Yeye alikuwa amefikiri ni wiki sita, halafu anarudi kwenye benchi yake. "Siku zote? Na hii joto? Na yale macho?"

"Macho hayakukati muguu," Sabine akasema, akaita mutu mwingine.

Jioni ile akatoka saa kumi na moja kama kawaida. Mvua ilikuwa bado. Karimu alikuwa amesimama barabarani, amevaa raba mpya na kaptula, miguu yake myembamba inaona jua kwa mara ya kwanza.

"Mama, leo tunatembea pamoja."

Zuwena hakusimama. "Mutu akiuliza tunaenda wapi, wewe ndiye unajibu."

"Nitajibu."

Wakaenda. Karimu alikuwa anapumua kwa mudomo mbele ya kufika hata uwanja wa ndagala. Pale mama mumoja, Beatrisi, alikuwa bado anaanua ndagala zake, analaani joto. Akainua kichwa.

"Eeh, Karimu! Na wewe? Munaenda wapi na mama mwendo huu?"

Karimu akajipangusa uso. "Tunapunga upepo tu."

Upepo! Hata jani moja la mungazi halikuwa linatikisika. Beatrisi akamuangalia Zuwena, akarudi kwenye ndagala zake. Zuwena akakaza mwendo, na Karimu nyuma yake, raba mpya zinamukata kisigino.

Walipofika kwenye mingazi ya kwanza, wakamukuta muzee Melkiades anatoka shambani na panga yake. Melkiades ni mutu wa kuuliza kwa uzuri, haulizi kwa kuchimba.

"Amahoro, Zuwena. Kijana anakusindikiza leo? Kuna mugonjwa nyumbani?"

Zuwena akangojea. Alimupa Karimu muda. Hatua mbili, tatu, nne.

"Oya, muzee," Karimu akasema. "Hakuna mugonjwa kwetu."

Basi Zuwena akasimama, katikati ya njia, na jasho inamutoka.

"Niko na sukari, muzee Melkiades. Bado kidogo nikatwe muguu, ndiyo maana unaniona hapa kila jioni. Na huyu si wa kunisindikiza. Huyu amepotea. Ukishuka, umuonyeshe njia ya kurudi sokoni."

Akageuka, akaingia kwenye mingazi peke yake, mwendo ule ule.